Maji ya Kutawadhia na Maji ya Kunywa

Liko suali ambalo halikosi katika baraza zetu kila masika yanapokaribia. Watu husema: Maji ya kisima chetu yametumiwa kwa udhu tangu zama za mababu, hayana rangi wala harufu; vipi leo mabwana afya watwambia tusiyanywe mpaka tuyachemshe? Je, huku si kuyatia najisi maji ambayo sharia imeyatohirisha?

La, sivyo. Aulizaye hivyo amechanganya mambo mawili. Wanafunzi wetu husoma mapema katika mlango wa tohara kwamba maji yakifika kulateni, ambayo wengi hukadiria kuwa ni karibu ya lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yageuke rangi, tamu au harufu. Hiyo ni hukumu ya ibada, tena ni rehema, kwani lau si hiyo watu wangalipata mashaka makubwa. Lakini haikusema kwamba maji hayo hayana maradhi. Viini vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa jicho, havinuki, wala ulimi hauvitambui.

Natutazame khabari moja ya mbali, kwa kuwa ilichunguzwa mpaka mwisho wake. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka mtaa wa Soho, mjini London, na watu zaidi ya 600 wakafa. Katika mtaa ule palikuwa na pampu, katika njia iitwayo Broad Street, iliyosifiwa kwa maji yake matamu. Mjane mmoja aliyekwisha hamia Hampstead, mbali na hapo, aliyapenda maji yale hata akawa akiletewa kwa gari. Huko alikohamia hapakuwa na maradhi, naye akafa kwa kipindupindu. Daktari John Snow alizifuatilia nyumba za wafu moja moja, akaishuku pampu, na tarehe 8 Septemba mpini wake ukaondolewa. Mwaka uliofuata pakafukuliwa, ikaonekana shimo la uchafu la nyumba ya jirani liko chini ya mita moja kutoka kisimani, na matofali yake yameoza. Katika nyumba ile alikuwamo mtoto mchanga aliyeharisha, na maji ya kufulia nguo zake yalimwagwa shimoni humo. Mjane yule alichagua maji kwa utamu wake, na utamu haukumwambia kitu.

Sasa tuitazame pwani yetu. Mchanga na udongo huyachuja maji yakipita polepole. Ama jiwe la matumbawe limejaa nyufa na matundu, na uchafu wa chooni hupita humo upesi mno. Wataalamu hutaka choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na chini ya shimo pasifikie maji ya ardhini. Na penye mwamba wenye nyufa hata mita 30 huenda zisitoshe. Nani katika mitaa yetu iliyobanana amepima? Unguja iliingiliwa na kipindupindu mwaka 1869, na daktari James Christie, aliyekuwa akikaa huko, akakiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1876. Kisha katika mlipuko ulioanza mwaka 2015 watu zaidi ya 4,000 wakaugua Unguja na Pemba. Miaka imepita zaidi ya mia, na maradhi ni yale yale.

Wala dini haikunyamaza. Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, akaamrisha vyombo vifunikwe na viriba vifungwe. Mafakihi nao wamekiwekea kisima harimu yake, yaani eneo la kandoni ambalo haifai kuchimbwa kitakachokidhuru. Mtu wa leo hugombea hatua moja ya mpaka wa shamba hata mahakamani, lakini karo lake hulichimba ubavuni mwa kisima cha jirani, akasema, “Nachimba katika kiwanja changu.” Kwa maoni yangu huyo amekiuka haki ya jirani, hata akiwa na hati ya kiwanja.

Kisima kijengewe ukingo na sakafu ya saruji yenye kumwaga maji mbali, kiwe na kifuniko, na ndoo yake iwe moja, isiyolazwa chini. Nyumbani maji yachemshwe mpaka yatokote dakika moja kamili, yawekwe katika mtungi uliofunikwa, yatekwe kwa kata yenye mkono mrefu. Wala tusiwatwike akina mama kazi hii peke yao. Kijana aliyejaliwa nguvu za kucheza mpira hashindwi kupasua kuni.

Msikitini ndiko nikuogopeako zaidi, kwani mara nyingi choo na kisima viko katika ua mmoja. Wazee wa msikiti wachukue kamba, wapime kabla mvua hazijaanza. Masafa yakiwa hayatoshi, kisima kibaki cha udhu, na ukingoni paandikwe kwa herufi kubwa kwamba maji haya si ya kunywa. Na watoto wa chuoni, ambao hukikimbilia wakitoka darasani na kiu, wawekewe karibu ya mlango mtungi wa maji yaliyochemshwa, na asiyejua kusoma asomewe yaliyoandikwa.