Mgeni Darasani Si Pambo la Sherehe

Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikosoa dhana kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa wasomi. Hata hivyo, bado twaona mfinyanzi akialikwa shuleni siku ya sherehe, akapigiwa makofi, kisha akaagwa.

Sisi twashauri kwamba kabla ya ziara wanafunzi watunge maswali: udongo huchimbwa wapi? Kwa nini chungu hupasuka kikichomwa kabla hakijakauka? Baada ya ziara wafinyange, wapime, waandike. Mwalimu asiyefanya hivyo huwafundisha watoto, pasipo kutamka neno, kwamba fundi huyo ni wa kutazamwa tu, wala si mwalimu. Makofi hayaifuti hasara hiyo.