Mugumu Haihitaji Madaktari Peke Yao

Muulize kijana wa kidato cha sita hapa Mugumu, anayesoma tahasusi ya PCB au CBG, anataka kuwa nani. Atakujibu: daktari. Alama zisipotosha, atasema famasia. Zikipungua zaidi, ualimu. Sijapata kumsikia hata mmoja akisema anataka kuwa mwanafiziolojia. Nikilitaja mimi neno hilo, huulizwa iwapo ndiyo kazi ya kuwanyoosha viungo waliovunjika.

Sitawalaumu vijana. Hayo ni matunda ya nchi iliyoifanya sayansi kuwa ngazi ya kupandia ajira mbili tatu zinazojulikana, kisha ikalalamika kwamba haina watafiti.

Fiziolojia ni elimu ya namna mwili ulio hai unavyofanya kazi: moyo unavyosukuma damu, figo zinavyochuja, msuli unavyogeuza chakula kuwa mwendo. Mwanafiziolojia huenda asimtibu mgonjwa hata mmoja maishani mwake, lakini maarifa anayoyatafuta ndiyo yanayomwepusha daktari na kubahatisha. Tuzo ya Nobel inayotolewa tangu mwaka 1901 huitwa Tuzo ya Fiziolojia au Tiba, na fiziolojia ndiyo iliyotangulizwa. Mwaka 1960, mjini Prague, Robert Crane alieleza jinsi sukari na sodiamu zinavyopenya pamoja katika ukuta wa utumbo. Maarifa hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini pakiti ya ORS ina sukari na chumvi kwa pamoja, na kwa nini mtoto anayeharisha huokolewa na kikombe cha maji hayo kijijini, mbali na chumba cha upasuaji.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Wamekosea. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa na wenzake wa Marekani na Italia. Waliwapima wanawake wa Kiluo, wanaobeba mizigo kichwani, na wa Kikikuyu, wanaoibeba mgongoni kwa ukanda wa kipaji cha uso. Walipima oksijeni waliyoitumia wakitembea. Wakagundua kwamba mwanamke aliyezoea aliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya anazotumia akitembea mikono mitupu. Zaidi ya hapo, gharama ilipanda kadiri mzigo ulivyoongezeka.

Sasa tupige hesabu ya nyumbani. Mwanamke mwenye kilo 60 hubeba kilo 12 pasipo gharama ya ziada. Ndoo yetu ya maji ni ya lita 20, yaani kilo 20 kabla ya kuhesabu ndoo yenyewe. Imeuvuka mpaka huo. Je, kilo hizo zinazozidi zinamgharimu nini mjamzito? Zinamfanya nini binti wa miaka 12 ambaye mifupa yake ingali inakua? Haya ni maswali ya fiziolojia, na majibu yake yanaihusu bajeti ya maji ya halmashauri moja kwa moja. Wanasiasa huisifu nguvu ya mwanamke wa Mara. Mwanafiziolojia angeipima, na kipimo ni kigumu kukipuuza kuliko sifa.

Tazama pia upande wa pili wa mji wetu. Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na ndani yake hutembea nyumbu zaidi ya milioni moja. Wanasayansi huvuka bahari kuja kuwachunguza wanyama hawa. Kijana wa Mugumu, aliyezaliwa mpakani mwa hifadhi hiyo, hutarajiwa kuwa dereva wao, mpishi wao au mbeba vifaa wao. Hizo ni kazi za heshima, sizidharau. Ninachokikataa ni kwamba ziwe ndizo pekee tunazomwonyesha.

Najua pingamizi la wazazi: mtoto wa maskini hasomi kwa ajili ya udadisi, anasoma ili ale. Pingamizi hilo ni la haki, na halijibiwi kwa hotuba za kuhamasisha. Linajibiwa kwa ajira na fedha. Anayemaliza shahada ya kwanza ya sayansi hawezi kuvumilia miaka ya uzamili na uzamivu pasipo ufadhili, huku wadogo zake wakimsubiri awalipie ada.

Kwa hiyo nawaeleza watumishi wa umma wanaonisoma. Mtafiti wa kigeni hupewa kibali na Tume ya Sayansi na Teknolojia, na hutakiwa kuwa na mshirika wa ndani. Ongezeni sharti moja: afundishe pia mwanafunzi kutoka wilaya anayofanyia utafiti, na amlipie. Halmashauri nazo, zinapogawa mapato yanayotokana na wanyamapori, zitenge nafasi za uzamili kama zinavyotenga fedha za madawati. Dawati bila mahali pa kufikia ni ubao tu.

Nanyi wanafunzi, msiwaachie wengine swali la ndoo ya mama zenu. Mnaijua njia ya kisimani kwa miguu yenu. Someni, mkaipime, kisha mrudi na takwimu katika kikao cha baraza la madiwani. Hapo tutaona nani atathubutu kusema fiziolojia si kazi.