Nani alichonga kile kisahani cha majivu?

Kwetu nyumbani, katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi, hakuna anayevuta sigara. Hata hivyo juu ya meza ya sebuleni kuna kisahani cha majivu cha malakiti, kizito, cha kijani, chenye mistari inayozunguka kama ya mti uliokatwa. Mama anaweka ndani yake funguo. Zamani vilikuwa viwili. Nkambo wangu alivinunua Likasi wakati akifanya kazi ya migodi. Kimoja kiliuzwa mwaka nilioingia chuo kikuu, kwa sababu pesa za kuniandikisha zilikuwa hazijatimia.

Mnunuzi alikigeuza, akatafuta ufa, akakiweka kwenye mizani, akataja bei. Hakuuliza nani alikichonga. Na hata angeuliza, hakuna kati yetu ambaye angejua la kumjibu.

Sina ugomvi na watu wanaokusanya visahani vya zamani na kupamba navyo nyumba. Bila wao huenda nisingekuwa darasani. Ugomvi wangu ni juu ya jina.

Tutazame Italia. Mwaka 1957 Bruno Munari alibuni kisahani kiitwacho Cubo kwa ajili ya kampuni ya Danese ya Milano: kisanduku cha melamini chenye bamba la aluminiamu lililokunjwa ndani, linaloficha majivu na harufu. Katika miaka ya 1970 kikatoka Spirale cha Achille Castiglioni: bakuli lenye waya uliozungushwa mviringo. Sigara inashikwa kati ya mizunguko ya waya, na waya unatoka ili bakuli lioshwe. Leo hata wasiovuta wanavitafuta, wanaviweka kwenye rafu na kuvitaja kwa majina ya waliovibuni. Jina linapandisha bei, ni kweli. Lakini pia linakumbusha kwamba kuna mtu aliyekaa akafikiri.

Je, mchongaji wa Likasi hakufikiri? Malakiti ni jiwe laini lenye shaba ndani yake. Moto wa sigara unaweza kulitia weusi, na ndimu au siki vinalila. Vumbi lake lina madhara kifuani, ndiyo maana anayejali afya yake analikata likiwa na maji. Kabla ya kukata, fundi analigeuza jiwe, anatafuta upande ambao mistari itazunguka katikati ya kisahani badala ya kukatikia pembeni. Huko ni kubuni. Lakini sisi wenyewe tunamwita Munari mbunifu, na huyu wa kwetu tunasema ni mtu wa kuuza vitu barabarani. Tofauti hiyo imo katika maneno yetu, kwa hiyo inahusu kitivo cha lugha.

Mwenzangu mmoja aliniambia: «Yaya, sigara inaua, kwa nini uheshimu chombo chake?» Namkubalia juu ya sigara. Ila chombo kinaweza kuacha kazi yake ya kwanza na kubaki chombo. Kisahani chetu kinapendeza zaidi tangu kiache majivu: kiko karibu na dirisha, juu ya kitambaa kisikwaruze meza, na kinafutwa kwa kitambaa chenye maji tu. Mwingine alisema vitu hivi vilichongwa ili kuwafurahisha wazungu, wakarudi navyo Ubelgiji. Vingi, ndiyo. Lakini mkono uliochonga ulikuwa wa hapa, na nkambo wangu, aliyenunua viwili kwa mshahara wake, hakuwa mzungu.

Katika masomo ya fasihi simulizi tunafundishwa kuandika jina la msimulizi, kijiji chake na siku aliyosimulia. Hatukubali tena hadithi isiyo na mwenyewe. Kwa nini tukubali jiwe lisilo na mwenyewe? Wachongaji wapo bado, wengine wazee. Wana maneno yao ya aina za mistari, ya kukata, ya kusugua, ya kung'arisha, na mengi ya maneno hayo hayamo katika kamusi tunazobeba. Sisi wenyewe tunasema cendrier kila siku, halafu kwenye mtihani tunaandika «kisahani cha majivu» kana kwamba hakuna mtu Katanga aliyewahi kukipa jina.

Napendekeza kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu aende kwa fundi mmoja, wa malakiti au wa shaba, aandike jina lake, maneno ya kazi yake, na kitu kimoja alichokitengeneza. Haihitaji mfuko wa utafiti. Inahitaji daftari na heshima.

Chini ya kisahani kilichobaki nimebandika karatasi. Nimeandika: «Likasi. Kilinunuliwa na nkambo.» Mahali pa jina la mchongaji nimepaacha wazi, kwa sababu nilichelewa kuuliza. Wewe ambaye nkambo wako yuko hai, muulize leo.