Mgeni aje, mkulima naye apone

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika biashara ya utalii, swali la msingi ni mwenyeji yupi anayepona. Mwenye hoteli hupona, mwenye ndege hupona, mwenye boti hupona. Mkulima, ambaye mara nyingi shamba lake ndilo linalopigwa picha, huishia kuyatazama magari yakipita. Ufilipino, nchi ya visiwa zaidi ya 7,600, ina mifano ya pande zote mbili: pale mkulima anapopona na pale anapoachwa.

Utalii unapotajwa, wengi humfikiria mgeni kutoka ng'ambo. Takwimu za Ufilipino zinasema vingine. Mwaka 2019, kabla ya janga la korona, wageni wa nje walizidi kidogo milioni 8, wakati safari za Wafilipino ndani ya nchi yao zilizidi milioni 100. Mteja mkubwa, basi, ni karani wa Manila anayepanda basi la usiku, au familia inayochanga nauli ili ikaone bahari.

Mteja huyu ana desturi moja ambayo kila mfanyabiashara angeitamani. Wao huiita pasalubong, yaani zawadi anayorudi nayo msafiri. Mfilipino anaweza kubana matumizi ya chakula na malazi, lakini kurudi mikono mitupu ni aibu. Wazazi wanangoja, jirani anangoja, na wenzake kazini wanangoja. Kwa hesabu ya soko, msafiri mmoja hununua kwa niaba ya watu wengi ambao hawakusafiri.

Anayefaidi desturi hiyo ni mkulima aliyejiandaa. Katika mji wa La Trinidad, jirani na Baguio kwenye milima ya kaskazini, wasafiri huingia mashambani na kuchuma stroberi kwa mikono yao. Bei ya kujichumia kwa kawaida huwa juu kuliko ya sokoni. Mkulima hapo ameokoa gharama ya vibarua wa kuchuma na ya usafiri, na bado analipwa zaidi. Tunda linaloharibika upesi limemaliza safari yake mikononi mwa mlaji. Yaliyobaki huwa jamu na mvinyo, na hata wachuuzi wa taho, ule uji laini wa soya, huuwekea sharubati ya stroberi.

Mfano wa pili unatoka Baguio kwenyewe. Watawa wa Good Shepherd wanajulikana nchi nzima kwa jamu ya viazi vikuu vya zambarau, na mapato yake husaidia kusomesha vijana wa milimani. Mwaka 2019 viazi vya zambarau viliadimika. Njia ya mkato ilikuwa kutia rangi ya dukani. Watawa wakakataa, wakapika jamu kwa viazi vyeupe na kuwaeleza wateja sababu, na wateja wakainunua.

Tukio hilo lina mafunzo mawili. Kwanza, jina jema ni mtaji, na halichezewi kwa sababu ya msimu mmoja mbaya. Pili, soko linaweza kuwepo na mzigo ukakosekana. Msafiri yupo, fedha anazo, lakini shambani hakuna kitu. Kosa la aina hiyo haliponi kwa matangazo ya utalii. Linahitaji mbegu bora, ushauri wa ugani na mkataba wa ununuzi unaomhakikishia mkulima bei kabla hajashika jembe.

Kisiwa cha Guimaras kimeelewa somo hilo. Maembe yake yanasifika kwa utamu, na sheria inakataza kuingiza maembe kutoka nje ya kisiwa ili kuzuia wadudu waharibifu. Mwaka 2023 jina la maembe ya Guimaras lilisajiliwa kisheria kama alama ya bidhaa ya mahali, la kwanza la aina hiyo nchini humo. Sasa mkulima ana msingi wa kumzuia mchuuzi anayetaka kuyapa maembe ya kwingine jina hilo.

Upande wa pili wa shilingi uko Ifugao. Matuta ya mpunga yaliyochongwa kwenye milima hiyo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1995. Wasafiri humiminika huko, hupiga picha na kuondoka. Mpunga wa asili unaolimwa huko huitwa tinawon, maana yake wa mara moja kwa mwaka, na mara nyingi mavuno hayatoshi hata chakula cha familia. Vijana waliona afadhali kuongoza wageni au kuhamia mjini kuliko kujenga upya kuta za mawe zilizobomoka. Mwaka 2001 UNESCO iliyaweka matuta hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini, na yalitolewa humo mwaka 2012 baada ya juhudi za ukarabati.

Hapo kuna hesabu isiyolingana. Kinachomvuta mgeni ni kazi ya mkulima, lakini malipo ya mgeni hupitia kwa wengine. Haki ni kwamba sehemu ya ada anayolipa mgeni iende moja kwa moja kwa anayetengeneza ukuta na mfereji. Matuta yasiyolimwa hugeuka kichaka, na hakuna anayelipa nauli kutazama kichaka.

Tishio jingine ni gharama. Si ajabu, hasa msimu wa likizo, nauli ya ndege kutoka Manila kwenda Siargao au Batanes kuizidi ya kwenda Hong Kong au Bangkok. Mfilipino haombi viza kwa safari fupi ya Thailand, Vietnam au Hong Kong. Kwa miaka mingi abiria wa daraja la kawaida anayetoka nje ya nchi ametozwa kodi ya safari ya peso 1,620, na bado wengi wamepiga hesabu na kuona ng'ambo ni nafuu.

Wapo wanaowalaumu wasafiri hao kwa kukosa uzalendo. Lawama hiyo haina msingi. Mwenye kipato kidogo ana haki ya kwenda pale ambapo fedha yake inatosha. Wanaopaswa kujiuliza ni wale wanaopandisha nauli, ushuru wa bandari na bei ya vyumba kila likizo inapokaribia. Kila peso inayomezwa na nauli ni peso iliyopungua kwenye fungu la zawadi, na fungu hilo ndilo humfikia mkulima.

Tena, anachorudi nacho msafiri huyo ni darasa tosha. Kutoka Taiwan huleta keki ndogo za mananasi, kila moja imefungwa peke yake ndani ya boksi. Kutoka Japan huleta peremende na vitafunwa vyenye jina la mkoa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ni vyepesi, havimwagiki na vinagawanyika ofisini bila kisu. Si bahati. Mkoa wa Oita nchini Japan ulianza mpango wa kila kijiji na bidhaa yake mwaka 1979, Thailand ikaufuata mwaka 2001, na Ufilipino, iliyokuwa na mpango wake tangu miaka ya 2000, iliutungia sheria mwaka 2023.

Sheria peke yake haifungi boksi. Maembe yaliyokaushwa ya Cebu yanapita viwanja vya ndege kwa sababu kuna aliyeyakausha, akayapima na kuyafunga vizuri. Mkulima mmoja hawezi kununua mashine ya kukaushia, lakini ushirika wa wakulima 30 unaweza. Mfanyabiashara mdogo wa stendi naye hana haja ya kuuza kila kitu. Anahitaji bidhaa moja ya mahali pake, yenye ujazo wa kweli, jina la kweli na kifungashio kinachohimili safari. Msafiri atakayeifikisha nyumbani ikiwa salama ataulizwa na jirani aliinunua wapi.