Betri Mpya, Waya Ule Ule

Jamani, leo siasa zipumzike kidogo. Madiwani wa Mara nitawarudia wiki ijayo, hawaendi popote. Leo nina hasira na kitu kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, na naona bora niitoe hasira hiyo hapa kwa sababu mhariri wangu atasema hiyo siyo habari.

Tulikuwa tunatoka Mugumu kwenda Tarime, jioni, ndani ya Noah. Abiria tulikuwa kumi (msiniulize tulikaaje). Njiani, kabla ya kuvuka Mto Mara, akapanda mama mmoja na mtoto mgongoni, mtoto anahema kama aliyekimbizwa. Anampeleka hospitali. Tulipovuka daraja, kabla ya kufika Nyamongo, dereva akasimama ili mizigo ya juu ifungwe upya, na akazima gari. Alipotia ufunguo tena likajibu: tik. Akarudia: tik, tik. Basi.

Abiria tukashuka, mikono tayari kwa kusukuma. Dereva akatuangalia kwa huruma. Noah yake ni ya otomatiki, na gari la otomatiki hata mkilisukuma hadi Sirari haliwaki. Likapita lori, likasimama, lakini lori lile ni la volti 24 na Noah ni ya volti 12, dereva wa lori akakataa kuunganisha asije akaunguza kitu. Tukakaa. Giza likaingia. Mama akawa anampepea mtoto kwa khanga, hasemi neno. Dereva naye anarudia jambo moja tu: "Betri nimenunua mwezi jana! Mwezi jana!" Na kweli ilikuwa mpya, bado inang'aa, na taa za dashibodi zilikuwa zinawaka vizuri kabisa.

Baada ya zaidi ya saa nzima ikaja Hilux. Mwenye Hilux akatoa waya zake za kubusti, akabana nyekundu kwenye betri yetu, nyeusi kwenye betri yetu, akasema piga. Tik. Akafikiri kidogo, kisha akakitoa kile kibano cheusi kwenye betri akakibana kwenye chuma cha injini. "Piga sasa." Noah ikawaka papo hapo.

Mtoto alifika, alilazwa, alipona. Nilimpigia mama yake siku ya tatu. Lakini mimi lile jambo la kibano cheusi halikunitoka kichwani. Kwa nini lisiwake kwenye betri, liwake kwenye injini?

Kesho yake nikamfuata dereva gereji, pale Tarime mjini. Fundi ni mzee wa makamo, mikono myeusi kwa grisi, anaita kila mtu "mura", hata mteja mwenye tai. Nilipomsimulia akacheka kabla sijamaliza. Akasema dereva apige stata mara tatu nne, halafu akanishika mkono wangu akauweka kwenye mwisho wa waya mzito unaotoka upande wa hasi wa betri kwenda kwenye injini. Nikautoa haraka. Ulikuwa wa moto.

"Mwandishi, umeme wako umekaa hapo unaota moto," akaniambia.

Akaukata. Ndugu msomaji, sijui kama umewahi kuona ndani ya kichwa cha waya wa betri. Ni kipande cha shaba chenye tundu la boliti upande mmoja na kibomba upande wa pili. Nyuzi za shaba huingizwa katika kile kibomba, kisha hubanwa. Kile cha Noah kilikuwa kimepigwa tindo na nyundo, alama mbili juu, na kufungwa plasta nyeusi ionekane nadhifu. Nyuzi zilizokuwa zimeshikwa kweli kweli zilikuwa chache. Zilizobaki zilikuwa zimelegea humo ndani, zimegeuka kijani na nyeusi. Hiyo ndiyo njia yote ya umeme wa kuzungushia injini. Waya mnene kama kidole, mlango mwembamba kama sindano.

Hesabu yake ni ya kidato cha pili, wala haihitaji profesa. Stata ya gari dogo la petroli inaweza kuvuta ampea 150 hivi, na za dizeli huvuta zaidi. Ikiwa pale kwenye maungio zinapotea volti 3, basi stata inapata volti 7 au 8 badala ya zaidi ya 10, haizunguki. Na hizo volti 3 mara ampea 150 ni wati 450 za joto, mahali padogo kama kizibo cha soda. Taa za dashibodi hazivuti umeme mwingi, ndiyo maana zinawaka na kukudanganya. Na kile kibano cheusi kwenye injini kiliukwepa waya mbovu, umeme ukapita njia nyingine.

Kwa hiyo betri ya zamani, ile aliyoitupa dereva mwezi jana, huenda haikuwa na kosa lolote. Laki mbili na ushee za bure. Nikamuuliza fundi hawa wanaonunua betri bila sababu ni wengi? Akasema, "Mura, wengine humu wamenunua betri tatu."

Sasa niwapeleke mbali kidogo, mtaona kwa nini. Mwaka 2022 nilivuka Sirari nikaenda Naivasha kutazama Safari Rally. Haya mashindano ni yetu pia, msidhani ni ya Wakenya peke yao. Yalipoanza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Baada ya 2002 yalitolewa katika ubingwa wa dunia, yakarudi 2021. Watu pale wanakwenda kutazama vumbi na Toyota zikiruka. Mimi nilijikuta nimesimama mahali mafundi wanapotengenezea magari, nikitazama Subaru kuukuu ya dereva wa hapa hapa Afrika Mashariki, siyo ya mabilionea.

Betri ya Subaru ile haikuwa mbele. Ilikuwa nyuma, kwenye buti. Magari mengi ya mashindano hufanywa hivyo ili uzito ugawanyike, mbele pasizidiwe. Lakini ukishahamisha betri, lazima uvute waya mzito mita tatu nne kutoka nyuma hadi kwenye stata, na katikati uweke swichi kubwa ya kukata umeme wote, maana sheria za mashindano zinaitaka: lazima izime na injini pia, na iweze kuvutwa kutoka ndani na nje ya gari, penye alama ya pembetatu ya buluu yenye radi nyekundu. Sasa hesabu vichwa: betrini kimoja, swichi viwili, stata kimoja, na upande wa hasi viwili vingine. Sita. Kimoja kikilegea, gari linabaki porini na mashindano yameisha. Kikichomoka na kugusa bodi, waya ule una nguvu ya betri nzima, unawaka moto na tangi la mafuta lipo hapo hapo nyuma.

Ndiyo maana fundi wa Subaru ile hakuwa na tindo. Alikuwa na koleo la haidroliki lenye vibao vya pembe sita, unachagua kulingana na unene wa waya, milimita za mraba 35, 50, 70. Akaingiza waya, akapampu mara kadhaa, ikatoka pembe sita safi. Ukiukata pale huoni nyuzi tena, unaona shaba moja iliyoshikamana, hewa haipiti, kwa hiyo kutu haina pa kuingilia. Juu akavika mpira unaosinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Nikamuuliza mbona hatumii lehemu? Akasema lehemu hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mkavu kama fimbo, na pale ukavu unapoishia, mtetemo unaukata. Tena maungio yakipata moto sana lehemu inayeyuka.

Mtetemo, ndugu zangu! Nani duniani ana mtetemo kuliko sisi? Gari la mashindano linatetemeka siku tatu nne halafu linapelekwa kuchunguzwa. Noah yetu na Land Cruiser za watalii zinazoingia Serengeti kupitia Ikoma zinatetemeka mwaka mzima, kila siku, kwenye changarawe yenye vijituta kama ubao wa kufulia. Na kule hifadhini kushuka ovyo kwenye gari hairuhusiwi, huwezi kumwambia mtalii aje asukume huku simba wanatazama. Kwa maneno mengine sisi ndio tunaoendesha magari ya mashindano, tena tukiwa na wagonjwa ndani, ila tunayabana kwa nyundo.

Hapa wengi watasema mafundi wetu hawana elimu. Nakataa. Yule mzee wa Tarime alijua kila kitu nilichokiona Naivasha. Alikwangua kwa kisu nyuzi za ule waya na kunionyesha kuwa ndani ni nyeupe: ni alumini iliyopakwa shaba, inayouzwa rahisi, na alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Anajua ukifungua betri unaanza na hasi ili spana ikigusa bodi isilipuke, na ukifunga unamalizia na hasi. Anachokosa ni koleo. Na koleo la Kichina nililoulizia Dar bei yake inakaribia ya betri moja. Betri moja!

Mbona hanunui? Kwa sababu yetu sisi. Mteja anatoa laki mbili na ushee za betri bila kununa, kwa kuwa betri anaiona, ina nembo na waranti. Fundi akisema kubana waya vizuri ni elfu 20, mteja anaita mwizi, anakwenda gereji ya jirani kupigiwa nyundo kwa elfu 3. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo kwa gari la kaka yangu, sijifichi.

Unajua Noah ile ilitengenezwaje? Mzee alichukua uzi, akapima urefu wa waya, akaufunga mafundo penye vichwa, akaupa basi la Mwanza. Huko ana mpwa wake kwenye karakana yenye koleo. Waya mpya ukarudi kesho yake alasiri. Siku mbili gari halijaingiza kitu kwa ajili ya kazi ya dakika tano.

Halmashauri zetu, Tarime mji, Tarime wilaya na Serengeti, kama zote nchini, zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Hoja yangu ni kwamba sehemu ya nne ya vijana iende kwenye vifaa vya gereji: koleo, mita ya kupimia volti, waya wa shaba halisi. Gereji moja yenye koleo inahudumia njia nzima ya Mugumu.

Mzee umri umemtupa, lakini ana vijana wawili anaowafundisha. Nikawaeleza habari ya mkopo, wakasikiliza vizuri, wakauliza fomu zinapatikana wapi. Nikawauliza wakipata hizo hela watanunua nini. Mmoja akajibu haraka, mzee akaangua kicheko: "Pikipiki."