Daktari Aliyehesabu Macho ya Watoto



Jioni moja mama ameketi karibu na taa, mtoto yu mapajani. Mara aona jambo geni: mboni ya jicho moja yang'aa nyeupe, kama jicho la paka gizani. Mtoto acheka na kucheza, hana homa. Mama ajisemea, "Labda ni mwanga tu." Jirani asema, "Amerogwa." Shangazi asema mkosi umetoka kwa wakweze. Na siku zapita.

Mwanga huo mweupe waweza kuwa dalili ya saratani ya jicho, iitwayo retinoblastoma. Huwapata watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 5, katika nchi zote za dunia. Mtoto mmoja hivi kwa kila 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Leo nawasimulieni habari za mtu aliyetufumbulia asili yake.

Alfred Knudson alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1922. Alikuwa daktari wa watoto, kisha akarudi masomoni kujifunza elimu ya urithi. Alitaka kujua kwa nini watoto wengine huugua macho yote mawili, tena wakiwa wachanga, na wengine huugua jicho moja tu, tena baadaye.

Hakuhitaji mitambo ya ajabu. Katika hospitali ya M.D. Anderson mjini Houston alichukua kumbukumbu za wagonjwa 48. Akatazama kila mtoto aliugua akiwa na umri gani, jicho moja au yote mawili, akapiga hesabu. Mwaka 1971 akatoa jibu.

Sikilizeni jibu lenyewe. Mwili wetu umejengwa kwa chembe nyingi mno ziitwazo seli. Kila seli ina maagizo ya urithi, nayo huja mawili mawili: moja la baba, moja la mama. Sasa fikirini baiskeli yenye breki mbili. Moja ikikatika, ya pili yatosha kukushusha mlimani salama. Zikikatika zote mbili, hakuna wa kuizuia. Ndivyo ilivyo seli ya jicho: ikikosa breki zote mbili, huzaana ovyo mpaka ikawa uvimbe.

Basi, mtoto mwingine huzaliwa breki moja imekwisha kukatika katika kila seli yake. Kwake yeye, kosa moja zaidi latosha. Ndiyo maana huugua mapema, na mara nyingi macho yote mawili. Mwingine huzaliwa na breki zote nzima; sharti zikatike mbili ndani ya seli ile ile moja. Hilo ni jambo la nadra, basi huugua jicho moja tu, tena kwa kuchelewa.

Wakati huo hakuna aliyekuwa ameiona breki yenyewe. Mwaka 1986 Thaddeus Dryja, daktari wa macho wa Boston, pamoja na Stephen Friend na Robert Weinberg, waliipata: ni jeni iliyo katika kromosomu ya 13, nayo yaitwa RB1. Hesabu ya Knudson ikawa imepata shahidi. Baadaye breki za namna hiyo zikaonekana katika saratani nyingine pia. Knudson alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 93.

Je, habari hizi zatufaa nini sisi nyumbani? Kwanza, tuache kulaumiana. Hata kati ya watoto wanaozaliwa na kasoro hiyo, wengi ndio wa kwanza katika ukoo wao. Si uchawi, wala si kosa la mama au baba.

Pili, mtoto mmoja akiugua, ndugu zake wadogo nao wapimwe macho, hata kama hawana dalili. Naye akikua na kuzaa, watoto wake wapimwe tangu kuzaliwa, maana mwenye kasoro ya urithi aweza kumrithisha nusu ya wanawe.

Tatu, msingoje. Jicho jeupe laweza kuwa mtoto wa jicho tu, lakini hilo nalo lataka daktari. Makengeza yanayoanza ghafula pia yapelekwe hospitali yenye mtaalamu wa macho. Saratani ikiwa bado imo ndani ya jicho, watoto walio wengi hupona kwa matibabu. Ikipenya na kufika ubongoni, kazi huwa ngumu sana.

Najua wazazi huogopa kuambiwa jicho litolewe. Pengine laokolewa kwa dawa, pengine haiwezekani. Lakini mtoto mwenye jicho moja husoma, hulima, huoa na kuzaa. Mkimbeba kurudi naye nyumbani ili kuliokoa jicho, mwaweza kumpoteza mwana pamoja na jicho lake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Usiku huu, taa ikiwaka, watazameni wanenu machoni.