Fasihi ya Marekani na Miwa ya Muhoroni

Hapa Muhoroni, ambako matrekta ya miwa hupita yakidondosha vipande ambavyo watoto huviokota na kuvitafuna, kitabu cha Mmarekani mweusi juu ya mashamba ya watumwa hakihitaji sharhi ndefu. Wala wazo la kuvisoma vitabu kama hicho huku kwetu si geni: Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong, huyo wa tatu akiwa amesoma Iowa, waliandika Nairobi, Oktoba 1968, waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha huko ivunjwe, fasihi ya Afrika iwe kitovu, na ya Wamarekani weusi isomwe kando yake. Wanazuoni wa fasihi hiyo ya Wamarekani weusi, ambao ilimu yao wengine huidhania anasa (nasi hatuidhanii), twawasihi waje watoe darsa huku, tena kwa Kiswahili.